UZI: Ndege yako ya injini mbili kwenye simuleta inapanda kweli au inakudanganya? Zima injini moja utajua

Wakuu habari za jioni.

Huu uzi nimeukalia muda mrefu sana, leo nimeamua niushushe wote. Kila wiki humu lazima aje mtu na malalamiko, mmoja anasema Baron yake inapanda kama roketi, mwingine na ndege ile ile anasema haipandi kabisa imekufa, wanabishana kurasa nne na hakuna hata mmoja aliyetaja ndege ilikuwa na uzito gani wala nje kulikuwa na joto kiasi gani. Inaniuma kwa sababu jibu linapatikana kwa kalamu na saa ya simu, sio kwa kelele.

Mimi sio rubani, niseme mapema. Ni mtu wa simuleta, yaani programu za kompyuta za kurusha ndege, tangu enzi za FSX (Flight Simulator X ya Microsoft), narushia laptopu, joistiki ya bei ndogo na pedali za mtumba. Ila nina jirani yangu, mzee mmoja rubani mstaafu aliyerusha ndege za pangaboi miaka mingi, na karibu kila kitu nitakachosema hapa nilianza kukisikia kibarazani kwake ndio nikaja kukihakiki kwenye kitabu cha ndege.

Nitatumia ndege moja tu ili tusichanganyane, Beechcraft Baron 58. Karibu kila simuleta inayo, na takwimu zake zinajulikana. Injini mbili za Continental IO-550, kila moja hosipawa 300, hazina tabo (pampu ya kuishindilia injini hewa). Uzito wa juu wa kurukia pauni 5,500. Kitabu kinasema usawa wa bahari, siku ya kawaida ya nyuzi 15, uzito kamili, inapanda futi 1,700 kwa dakika ukishika kasi ya noti 105 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Injini moja ikifa inabaki na futi 390 kwa dakika. Hizo namba mbili zishikeni, 1,700 na 390, uzi wote unazunguka hapo.

Watu wengi wakiijaribu ndege mpya wanafanya hivi: wanaruka, wanavuta pua, wanaangalia sindano ya kupanda, inasoma 1,700, wanasema safi, ndege halisi hii. Sio hivo kabisa. Ile 1,700 unaweza kuipata kwa ndege ya uongo. Nitaonyesha.

Hosipawa moja maana yake ni kunyanyua pauni 33,000 kwa futi moja ndani ya dakika moja. Kwa hiyo Baron ya pauni 5,500 inayopanda futi 1,700 inatumia hosipawa kama 285 kwa kupanda tu. Zidisha 1,700 kwa 5,500 gawa kwa 33,000 utaona mwenyewe. Sasa hizo 285 ni chenji. Ni kile kinachobaki baada ya ndege kulipa gharama ya kukata hewa kwa noti 105. Injini zinatoa 600 ila mapanga hayafikishi zote hewani, tuseme zinazofika ni kama 440. Ukitoa 285 inabaki 155, na hiyo 155 ndio gharama ya kukaa hewani bila kupanda wala kushuka.

Haya zima injini moja. 440 inakuwa 220. Gharama ya kukaa hewani haijapungua, bado ni 155, kwa kweli inaongezeka kidogo maana ndege inaruka kiubavu, ila tuiache hapo kwa urahisi. 220 toa 155 inabaki 65. Ukiibadilisha hiyo 65 kuwa futi kwa dakika unapata 390. Namba ya kitabu ile ile! Siku nilipoipata hii hesabu kwenye daftari la mtoto nilimpigia mzee simu saa nne usiku.

Ndio maana marubani wanasema injini moja ikifa hujapoteza nusu ya uwezo wa kupanda, umepoteza zaidi ya robo tatu. Nguvu imepungua nusu, chenji imepungua karibu asilimia 80. Ni kama mtu wa mshahara wa laki nane anayelipa kodi ya nyumba na chakula laki tatu na nusu, ukimkata mshahara nusu hajabaki na nusu ya akiba, amebaki na elfu hamsini.

Sasa turudi kwenye simuleta. Mtengenezaji wa ndege anaweza kuweka injini dhaifu na mwili laini usiokwama hewani, au injini kali na mwili mzito wa ukinzani, na zote mbili zikapanda 1,700 bila tatizo. Chenji ni 285 tu popote inapotoka. Mfano weka nguvu inayofika hewani 500 na gharama 215, chenji 285. Au nguvu 380 na gharama 95, chenji ni ile ile. Kwa injini mbili huwezi kuzitofautisha. Zima injini moja: ya kwanza inapanda futi 210, ya pili inapanda futi 570. Hapo ndio uongo unapotoka nje.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu na nitausimamia: ndege ya injini mbili kwenye simuleta haijapimwa mpaka imepimwa kwa injini moja.

Limewahi kunikuta. Nilinunua ndege ya nyongeza, jina la muuzaji naliacha, pesa ya mwezi mzima wa bando, picha za ndani unaweza kulia kwa uzuri, hadi mikwaruzo kwenye viti. Injini mbili inapanda 1,710. Nikazima ya kushoto, nikalaza mapanga, ikanipandisha futi 700 kwa dakika kama hakuna kilichotokea. Nilifanya mara tatu nikidhani nimekosea uzito. Ukipiga hesabu nyuma unakuta nguvu inayofika hewani ni kama 336 na gharama ni 51 tu, yaani ndege ya pauni elfu tano na mia tano inayoteleza kama glaida, ndege isiyo na injini. Niliumia sana.

---

Mchangiaji: Mkuu shukrani kwa somo. Ila "kulaza mapanga" ndio nini? Na mimi nikizima injini moja ndege inashuka tu haipandi hata futi moja, sasa ya kwangu ni feki?

Mleta uzi: Swali zuri mkuu, na hapa ndio wengi wanapoanguka.

Injini ikizimika, upepo unaendelea kuyazungusha mapanga. Mapanga yanayozungushwa na upepo ni breki, tena breki kubwa. Ndege za injini mbili zina uwezo wa kuyageuza yakae sambamba na upepo, ubavu ukiangalia mbele, yanasimama. Kwenye Baron unavuta mkono wa propela wa injini iliyokufa nyuma mpaka mwisho, unapita kile kizuizi. Ile 390 ya kitabu ni ya mapanga yaliyolazwa, magurudumu juu, flapi (vibao vya nyuma ya mabawa) juu, na ndege imeinamishwa kidogo upande wa injini nzima, nyuzi mbili tatu, isizidi tano. Ukiruka mabawa sawasawa kama meza ndege inakwenda mshazari, inapigwa na upepo ubavuni, futi zako zinaliwa.

Halafu kasi. Mstari wa buluu kwenye geji ya kasi ya Baron uko noti 101, hiyo ndio kasi ya kupanda na injini moja. Mstari mwekundu uko 84, ukishuka chini ya hapo na injini moja iko nguvu kamili pedali haitoshi tena kuizuia, inakugeuza. Ya kushoto ndio mbaya zaidi ikifa, kwa sababu mapanga yote mawili yanazunguka upande mmoja na nguvu ya injini ya kulia inavutia mbali zaidi na katikati ya ndege. Jaribu na ya kushoto.

Kwa hiyo kabla hujaiita feki niambie: mapanga ulilaza? Magurudumu? Kasi ngapi? Na kingine, nenda kwenye setingi uzime ule msaada wa pedali wa otomatiki, huo unaharibu kipimo chote.

---

Mchangiaji mwingine: Mi kwangu shida ni kinyume, ndege inaruka vizuri tu. Ila niko curious unapimaje? Ile sindano inacheza cheza.

Mleta uzi: Sindano usiiamini, inachelewa na inacheza na kila tetemeko la mkono. Pima kwa saa.

Ninavyofanya mimi. Uwanja wa chini karibu na bahari, mimi natumia Zanzibar maana iko futi 54 tu, au nyumbani Dar. Hali ya hewa naiweka kwa mkono, upepo sifuri, nyuzi 15, shinikizo 1013. Uzito naujaza mpaka 5,500 kamili kwenye ukurasa wa mizigo na mafuta, hii ni muhimu kuliko kitu chochote, kwa sababu simuleta nyingi zinakupa ndege ikiwa na rubani peke yake na mafuta nusu. Hapo ndio "roketi" nyingi za humu zinapotokea. Mtu ana ndege tupu anailinganisha na namba ya ndege iliyojaa.

Naruka, napandisha magurudumu na flapi, mikono ya nguvu mbele mpaka mwisho, nashika noti 105 kwa pua mpaka itulie. Saa naianzisha ikipita futi 500, naisimamisha ikipita 1,500. Futi elfu moja. Ikitumia sekunde 37 au 38 ni karibu futi 1,600 kwa dakika na hiyo ndio sahihi, kwa sababu ile 1,700 ni ya usawa wa bahari na kila unapopanda futi elfu inapungua kama 90 hadi 100. Otopailoti usiiguse. Hasa usiipe kasi ya kupanda iishike, hiyo itakupa futi ulizoomba kwa kula spidi, unaangalia 2,000 unafurahi kumbe noti zinashuka 105, 95, 88, mwisho ndege inaishiwa na bawa linaanguka.

Halafu narudia na injini moja kwa noti 101. Ukipata kati ya 350 na 400 mshukuru aliyeitengeneza.

Kipimo cha tatu, hiki watu hawakifanyi na ndio ninachokipenda kuliko vyote. Zima ZOTE mbili. Panda mpaka futi elfu nane huko, zima, laza mapanga yote, shika noti 115. Kitabu cha Baron kinasema inateleza kama maili mbili za baharini kwa kila futi 1,000. Noti 115 ni maili 1.9 kwa dakika, kwa hiyo ukifika chini karibu na usawa wa bahari unatakiwa ushuke futi 950 hivi kwa dakika (juu kwenye hewa nyepesi utashuka haraka zaidi). Sasa chukua 950 zidisha 5,500 gawa 33,000. Inakuja 158. Mnakumbuka ile gharama ya kukaa hewani tuliyoipata juu kwa njia nyingine kabisa? 155. Kasi ya kuteleza ni tofauti kidogo na ile ya kupanda lakini oneni zilivyokaribiana. Hapa unapima mwili wa ndege peke yake, injini hazipo kwenye hesabu, hakuna pa kujificha. Ile ndege yangu ya mikwaruzo kwenye viti ilishuka futi 310 kwa dakika. Ningeweza kuteleza kutoka Dar hadi Unguja nikanywa na chai njiani.

---

Mchangiaji (Nairobi): Boss hii ni kali. Mimi nakaa Lang'ata, hizi ndege za kwenda Mara zinapita juu ya nyumba kila asubuhi. Mimi huruka uwanja wa Wilson pekee kwa sim. Baron yangu inapanda kama 1,400 na injini mbili na 300 hivi na moja. Hiyo si iko sawa? Karibu na kitabu.

Mleta uzi: Kaka asante kwa kuja, na umenipa mfano bora kuliko wote niliokuwa nao. Hapana, haiko sawa. Namba hizo zingekuwa nzuri pwani, kwa Wilson ni uongo.

Wilson iko futi 5,536. Injini ya Baron haina tabo, inavuta hewa iliyopo basi. Kabla hata hujaruka fanya hivi: simama mwanzo wa njia, sukuma nguvu mpaka mwisho, angalia geji ya shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini. Pwani inasoma inchi 29 hivi za zebaki. Wilson lazima isome kama 24 au pungufu kidogo, kwa sababu hewa ya Nairobi yenyewe ina inchi 24 tu za kutoa. Ukiona 29 Wilson hapo hata usiruke, funga ndege rudi nyumbani. (Isipokuwa una zile Baron za tabo, 58P au 58TC, hizo ni hadithi nyingine.)

La pili ni joto, na hili ni mtego mkubwa sana. Simuleta nyingi ukichagua anga safi zinakuwekea siku ya vitabuni, nyuzi 15 usawa wa bahari, zinapungua karibu mbili kwa kila futi elfu. Kwa Wilson inamaanisha umekaa Nairobi kwenye nyuzi 4! Wewe unakaa Lang'ata, niambie lini mchana ulikuta nyuzi 4. Mchana wa jua weka 25. Tofauti na kitabu ni nyuzi 21, kila nyuzi moja ni kama futi 120 za mwinuko, kwa hiyo ongeza futi 2,500. Ndege haijui iko Wilson futi 5,536, yenyewe inahisi iko futi 8,000 na ushee. Huo mwinuko ambao ndege inauhisi ndio unaotawala kila kitu, injini, mapanga, mabawa.

Sasa rudia hesabu yetu. Futi 8,000 injini isiyo na tabo inabaki na asilimia 76 hivi, kwa hiyo 440 inakuwa 334. Gharama ya kukaa hewani inapanda badala ya kushuka, kwa sababu ile 105 ya kwenye geji kwa hewa nyepesi ni noti 118 za kweli, unalipa 175 badala ya 155. Chenji 159. Futi 950 kwa dakika na injini mbili.

Injini moja: 167 toa 175.

Umeona? Hasi nane. Ndege inashuka futi 50 kwa dakika, na wewe umefanya kila kitu sawa, mapanga umelaza, kasi umeshika, mabawa umeinamisha. Na sio hesabu yangu ya daftari peke yake, dari ya Baron kwa injini moja, yaani mwinuko ambao juu yake haina tena nguvu ya maana ya kupanda, kitabuni ni futi 7,284. Wilson mchana, ukiwa umejaza, uko juu ya dari kabla magurudumu hayajaacha lami.

Kwa hiyo ile 300 yako kaka ni moja ya haya: ndege nyepesi, baridi ya vitabuni, au injini inayojifanya iko Mombasa.

---

Mchangiaji: Daah. Kwa hiyo ndege halisi ikifeli injini Wilson inaanguka tu? Sio kweli hii, zingekuwa zinaanguka kila siku.

Mleta uzi: Hapana mkuu, kushuka futi 50 kwa dakika sio kuanguka. Una muda wa kuzunguka urudi, injini iliyobaki inakununulia dakika nyingi ambazo mwenye injini moja aliyezimikiwa hana. Na watu wa kweli hawajazi mpaka mwisho halafu waruke saa saba mchana. Wanaruka asubuhi, ndio hizo kaka wa Lang'ata anazisikia, na wanapunguza mzigo. Shusha Baron kutoka 5,500 hadi 4,700, Wilson ile ile joto lile lile, hesabu yangu inatoa futi 200 hivi za kupanda kwa injini moja. Pauni 800, watu wanne na mabegi, ndio tofauti ya kushuka na kupanda. Mzee jirani aliniambia kazi yake kubwa haikuwa kurusha ndege, ilikuwa kumwambia mtu mzima mwenye pesa kwamba begi lake linabaki.

Watu wanadhani injini mbili maana yake ni lazima moja itoshe. Kwa ndege kubwa za abiria sheria inadai hivyo. Kwa ndogo sio lazima, sheria za Marekani za ndege ndogo kwa muda mrefu hazikudai ndege ya pistoni ya pauni 6,000 kushuka chini, yenye kasi ya chini ya kutosha wakati wa kutua, ipande na injini moja. Walitakiwa wapime na waandike, inapanda kiasi gani au inashuka kiasi gani, basi. Piper Seminole, ndege ya mafunzo inayotumika duniani kote, dari yake ya injini moja ni futi 3,800. Wilson yenyewe ardhi iko juu ya hapo. Mwenye Seminole inayopanda na injini moja Nairobi ikiwa imejaa, asiendelee kuisifia humu.

Na ukiruka Wilson kuelekea kusini magharibi kumbuka vilima vya Ngong. Kama kilomita 20 tu, na kilele mita 2,460, ni futi 8,071. Kwa injini mbili na futi 950 unaivuka bila jasho. Jaribuni hii wakuu: ruka na uzito kamili, nyuzi 25, ikifika futi mia tano juu ya ardhi zima ya kushoto, halafu endelea mbele muangalie ule mlima unavyokua kwenye kioo. Mara ya kwanza nilikaa nikavuta pua, binadamu lazima avute, kasi 101, 96, 90, ikagusa 84 na ndege ikaviringika kushoto kabla sijajua. Nilikuwa sebuleni na mikono ilitoka jasho. Mara ya pili nilishika mstari wa buluu nikageuka taratibu kuelekea injini nzima nikarudi, nilitua nikiwa na futi mia mbili za akiba.

---

Mchangiaji: Na za injini za tabaini, zisizo za pistoni, je? King Air yangu inapanda elfu mbili na zaidi hadi juu kabisa haichoki.

Mleta uzi: Hizo zina tabia yake, niziseme kwa kifupi maana zinahitaji uzi wake. King Air B200 ina injini mbili za tabaini aina ya PT6 za hosipawa 850, uzito pauni 12,500. Injini yenyewe ina uwezo zaidi ya huo, imefungwa kwa makusudi ili gia na mwili visiumie, ndio maana chini huku haipotezi nguvu kama Baron, unavyopanda unasukuma mikono mbele unairudisha toki (nguvu ya kuzungusha panga) palepale. Mpaka ufike mahali joto la ndani ya injini linagonga mstari, hapo huwezi kusukuma tena, na kuanzia hapo inachoka kama wenzake. Simuleta mbaya utaijua kwa hilo: sukuma mpaka mwisho ukiwa juu, kama joto halipandi na toki haishuki, mtengenezaji hakumalizia kazi.

Na kasi haishikwi moja hadi juu. Kwa B200 ni noti 160 mpaka futi 10,000, halafu 140 mpaka 20,000, 130 mpaka 25,000, kisha 120. Ukishika 160 mpaka juu lazima ulalamike haipandi.

Kuhusu simuleta ipi bora, naona wameshaanza kuvutana huko chini. X-Plane inakata bawa na panga vipande vipande na kupiga hesabu ya nguvu ya kila kipande, FSX ya zamani ilisoma majedwali yaliyoandikwa tayari, FlightGear ni ya bure na mafaili yake yako wazi unaweza kuyafungua usome mwenyewe. Lakini njia nzuri ikilishwa namba mbaya inatoa ndege mbaya, na jedwali lililoandikwa na mtu makini linaweza kukupa 390 safi kabisa. Mimi nasema pimeni ndege, sio nembo.

---

Mchangiaji (Nairobi): Boss nimerudi. Nilikaa nayo hadi saa saba usiku. Nilikuwa na pauni 4,600 na anga safi, thermometa ya ndege inasoma 4 kweli! Nimejaza hadi 5,500, nikaweka 25. Shinikizo 23 na nusu kwa runway. Injini mbili futi 920. Injini moja, mapanga yamelazwa, 101, nimeinamisha kidogo kulia: inashuka futi 70. Kuteleza hapo hapo juu ya Wilson nilipata 1,100. Hii ndege nilikuwa nataka kuifuta.

Mleta uzi: Kaka usiifute hiyo. 920, hasi 70, 1,100 kwenye hewa nyepesi, zote tatu zinakubaliana, huyo aliyeitengeneza alijua anachofanya. Ungeniambia jana kwamba 1,400 na 300 ilikuwa ndege ya pauni 4,600 kwenye baridi ningekwambia hapohapo iko sawa.

Mchanganyiko wa mafuta uliupunguza kabla ya kuruka? Ule mkono mwekundu. Kwa Wilson ukiuacha mbele kabisa injini inakunywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, unapoteza nguvu bure. Kama hukupunguza, punguza ukifuata namba za mtiririko wa mafuta za mwinuko huo, huenda hiyo 920 ikafika 950 na hasi 70 ikapungua.

Mchangiaji (Nairobi): Aki sikupunguza. Narudi tena leo usiku.

Mleta uzi: Sawa kaka, tuletee. Mimi usiku naingia Dodoma. Uwanja futi 3,670 hivi, naweka nyuzi 30, ndege itahisi futi 6,350, chini kidogo ya dari ya injini moja. Daftari linasema inatakiwa ipande futi 40 kwa dakika ikiwa imejaa. Arobaini tu. Mwenye ndege nyingine ya injini mbili, Cessna 402 au Seneca, naye aingie na kitabu chake, andika uzito, joto, shinikizo, halafu zile namba tatu.